Mkwara wa Mtani

Habari za kifo cha Maganga zilinikuta nikibadilisha kola ya shati la mwanafunzi, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Nilijisemea: hata kwenye hili amenitangulia. Simu aliipokea mke wangu Agnesi, maana mimi nikiwa kwenye cherehani mlio wa simu nauona kama mbu. Alinipa habari polepole, kisha akasema, "Nenda ukamzike, baba. Labda sasa utapumua." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, ila nikirudi na mjane wake Skola nimwambie abebe na sufuria zake, za kwetu zimechakaa. Ndivyo alivyo Agnesi. Tumezeeka pamoja katika nyumba hii karibu na reli, na miaka yote amenisikia nikilitaja jina la Maganga kwa sauti ambayo watu wengine humtajia jirani anayemwaga maji machafu uani kwao.

Sitasimulia babu yangu alikuwa nani wala mama alinipenda kiasi gani. Inatosha kujua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakianza kuhadithia safari zao, mimi huwaambia nimefika Ulaya mara nyingi, na wageni hushtuka mpaka waelezwe kwamba Ulaya ni kijiji chetu, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Katika maisha yangu nimelala mbali na Kilosa mwaka mmoja tu, mwaka niliomaliza kidato cha nne, nilipopata kazi ya kutunza mashuka katika hoteli ya watalii kule Mikumi. Mwaka huo nilijifunza mambo mawili, kutandika kitanda bila kuacha kunyanzi na kucheza poka. La kwanza bado nalijua.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jiko, kina dirisha moja lenye wavu wa kuzuia nyani. Kilinuka mkaa, kilinuka wanga wa kukazia vitambaa vya meza, na kilinuka vitunguu vilivyokaangwa upande wa pili wa ukuta. Kila alasiri, wageni walipokwisha kupakiwa kwenye magari kwenda kutazama tembo, hoteli ilibaki mikononi mwetu, na sisi tulikusanyika humo kuzunguka kreti za soda zilizofunikwa kwa ubao. Tulikuwa wachezaji wanne. Mzee Salehe, mpishi mkuu, ndiye aliyetufundisha mchezo; aliujua kutoka kambi ya wajenzi wa barabara alikokuwa akiwapikia mainjinia. Kibwana, mlinzi wa getini, wakati huo alililinda geti kwa masikio. Halafu Maganga, mbeba mizigo ya wageni, na mimi wa mashuka. Nyuma yetu alisimama Skolastika, ambaye wote tulimwita Skola, akipiga pasi. Yeye hakucheza. Alisema ana kazi, tofauti na watu anaowajua.

Kuchezea fedha kazini kulikuwa kunafukuzisha watu, kwa hiyo tulichezea maharage. Mzee Salehe alimpimia kila mmoja kikombe kutoka gunia la chakula cha wafanyakazi, na mchezo ukiisha aliyakusanya yote, ya washindi na ya walioshindwa, akayatia chunguni. Kesho yake mchana tulikula madau yetu kwa ugali. Kibwana alikuwa akitafuna huku amefumba macho. "Hizi punje ni zangu," alisema. "Mali yako huwezi kuisahau ladha." Poka yenyewe si ngumu kuieleza. Unapewa karata tano, unabadilisha zile unazozichukia, halafu unatia maharage katikati kadiri unavyojiamini. Mwenzako ama atie kama wewe mfungue mwone, ama atupe karata zake na maharage uyazoe. Jozi inapigwa na jozi mbili, jozi mbili zinapigwa na tatu za namna moja, na hizo tatu zinapigwa na vitu vingine ambavyo mimi sikuwahi kuvishika. Lakini utamu wa poka, alisema Mzee Salehe, uko kwenye kumfanya mwenye karata nzuri azitupe mwenyewe, kwa mkono wake, akushukuru.

"Yaani mkwara," alisema Maganga.

Mzee Salehe alifikiri kidogo, upawa mkononi. "Mkwara, ndiyo. Ila ule wa kwenu wa stendi ni makelele. Huu unachimbwa kimya kimya."

Sasa nimweleze Maganga, ingawa nikisema vizuri kuhusu yeye ulimi unauma. Alikuwa Mnyamwezi, babu yake aliletwa Kilosa na mashamba ya mkonge. Mimi ni Msagara. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaambiana majina. Siku ya kwanza nilipoingia chumba tulichopangiwa pamoja nilimkuta amelala kitandani kwangu, viatu miguuni, na chake kiko wazi. "Msagara alale chini," aliniambia, "kitanda kitamletea homa." Nikamjibu kwamba babu yake alifika kwetu amebeba pembe kichwani na mpaka leo ukoo mzima shingo hazijanyooka. Akacheka, akaamka, akanipikia chai. Sheria ya utani ni hiyo moja, anayekasirika ameshindwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukunyang'anya sahani mdomoni, nawe unacheka. Nilikuwa najivunia kuwa na mtani. Mtu mwenye akili angejiuliza inakuwaje mtu mwenye leseni ya kusema lolote akiamua kusema kweli.

Karata zilimpenda, au yeye alijua kuzibembeleza. Nakumbuka alasiri moja nilishika nane tatu, kitu ambacho kwangu kilikuwa kama Krismasi. Maganga, ilipofika zamu yake ya kubadilisha, alitikisa kichwa kwamba hataki hata moja. Alizifunika zile tano, akaziwekea kiganja juu kama mtu anayezuia mtoto asiamke, akaomba kipande cha muhogo. Dau lilipomfikia alitia punje chache. Mimi nikaongeza. Yeye akasukuma kikombe kizima, kisha akaendelea kumwambia Kibwana habari za mgeni aliyeibiwa kofia na nyani. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mtu asiyebadilisha hata karata moja, nilijiambia, ana kitu kikubwa kuliko nane tatu. Nikatupa. Maganga akazifunua moja moja: mbili, tano, tisa, jeki na saba, hata ndugu wawili hawakuwemo.

"Umeona alivyofanya," alisema Mzee Salehe, ambaye alikuwa mwalimu mzuri na mchezaji mbovu, maana kila dau likipanda alikumbuka chungu chake na kutoka mbio. "Ameanza uongo wake mapema, kwenye kubadilisha, kabla ya maharage. Mkwara ni hadithi. Huwezi kuanza kama maskini ukamaliza kama chifu, watu watauliza ng'ombe umewapata wapi. Na amekuchimbia wewe, Deo, hakumchimbia Kibwana. Wewe unafikiri."

"Na mimi je?" aliuliza Kibwana.

"Wewe unataka kuona tu."

Ilikuwa kweli. Kibwana hakuwahi kutupa karata hata siku moja. Ukimpandishia dau kama mlima, alikwangua maharage yake ya mwisho akasema, "Natia. Nataka kuona tu." Huyo hatishiki, alisema Mzee Salehe, mkwara unamhitaji mtu mwenye akili za kuogopa. Mimi nililisikia somo hilo kwa masikio yangu mawili, na wiki hiyo hiyo, nikiwa sina kitu zaidi ya kwini moja mpweke, nikakataa kubadilisha, nikaweka kiganja juu, nikaomba muhogo, nikasukuma kikombe kizima. Maganga akatupa. Mzee Salehe akakimbilia chungu. Kibwana akatia. Alikuwa na jozi tu, nne mbili. Skola alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni asije akaunguza foronya, na mimi, ambaye nilikuwa nimefilisiwa na jozi ya nne, nilifurahi kwamba nimemchekesha, halafu nikaona kwamba Maganga pia anamtazama akicheka, na furaha ikaniganda.

Upande wa pili wa tatizo langu ulikuwa mbaya zaidi. Nikishika karata nzuri nilikuwa na adabu. Sikujua mwenyewe, Skola ndiye aliyeligundua, kwa kuwa pale aliposimama alituona sote. "Deo akisema 'samahani wenzangu, naomba niongeze kidogo,'" alisema siku moja bila kuinua macho kwenye kola, "mimi ningekuwa nyie ningekwenda kulala." Tangu siku hiyo nilipoomba samahani Maganga na Mzee Salehe walitupa karata, hata Kibwana alisitasita, nami nikazoa punje mbili. Nilikuwa mtu pekee chumbani aliyepoteza kwa karata mbaya na kupoteza kwa karata nzuri. "Una uso wa dirisha," Skola aliniambia. Nililichukua kama sifa. Usiku ule nililirudia neno hilo kitandani kama mtu anayelamba kijiko.

Maana nilikuwa nampenda, na nilichokitaka mwaka ule kilikuwa hicho tu. Skola alikuwa binti wa mkulima wa miwa wa Kidodi, mrefu, mikono ya nguo imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, mwenye tabia ya kuichomeka ncha ya kidole mdomoni na kuigusisha pasi kusikia kama imepata moto. Mapenzi yangu niliyaonyesha kwa mkaa. Kila asubuhi nilimchagulia vipande vikavu, nikampepelea pasi mpaka ikawa nyekundu, nikaondoka bila neno, na moyoni nikahesabu kwamba nimezungumza. Neno lenyewe nilimwambia Maganga. Ilikuwa jioni, tumeketi kwenye kizingiti cha chumba chetu tunakula ndizi za kuchoma, nikamweleza kwamba masika yakiisha mjomba wangu atakwenda Kidodi kuniposea Skola, na kwamba hili ni siri.

Maganga alimaliza kutafuna. "Mwambie mjomba asichoke bure," alisema. "Huyo nitamwoa mimi."

Nikacheka mpaka ndizi ikaniponyoka. Ulikuwa utani mzuri, wa kizamani, ule wa mtani kudai mke wa mtani mwenzake. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi hajui kuoa, anajua kubebeshwa. Kesho yake akaurudia mbele ya wote, huku akigawa karata. "Jamani, mjue tu, namwoa Skola. Huyu Msagara atatushikia miavuli." Mzee Salehe akacheka, Kibwana akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, maana mwenye kutaniwa ndiye anayepaswa kucheka zaidi. Skola alikuwa amegeuka kuchukua mkaa. Nimeutazama mgongo ule kichwani mwangu mara nyingi kuliko nilivyotazama picha za harusi yangu mwenyewe, na bado sijui kama ulikuwa unacheka.

Ikaja miezi ya kwenda na kurudi. Siku zetu za mapumziko mimi nilifua, nikalala, nikafikiri kuhusu Kilosa. Maganga alidandia lori kwenda Kidodi. Aliporudi, shati limejaa vumbi, alikuwa na mzigo wa miwa begani, akautupa mlangoni pa chumba cha pasi. "Wakwe zangu wanawasalimu," alisema. Sote tukacheka. "Mama mkwe ananisifu nakula vizuri. Baba mkwe tumekwenda naye shambani, nimempalilia mistari minne." Tukazidi kucheka. Mzee Salehe akasema mtani huyu ana ufundi, anaweka mpaka mistari. Na mimi nilichukua muwa, nikaumenya kwa meno, nikaufyonza, nikamwambia ni mtamu. Hapo ndipo wivu huniuma mpaka leo, chini kabisa ya jino. Kwamba alinipiku naweza kulimeza; watu hupikuana. Lakini nilikula muwa wa posa yangu mwenyewe nikaomba kipande kingine.

Dalili nilikuwa nazo, sikatai, ila zote nilizihesabu kama mikwara yake kwa wengine. Alimwambia Skola kwamba ana kiwanja Mikumi karibu na barabara kuu, na matofali ameshafyatua. Nilijua hana kiwanja, nilijua hana hata ndoo ya pili. Nikawa namhurumia Skola akisikiliza uongo ule huku akinyoosha mashuka niliyomkabidhi mimi, nikijiambia kwamba binti mwenye jicho kali kiasi cha kuuona uungwana wangu wa karata hawezi kushindwa kumwona huyu. Nilikuwa nangoja amkamate. Nilikaa nyuma ya mashuka yangu kama mtu aliyeshika mkono mzuri, ambaye anaona kusema ni kujidhalilisha, mkono wenyewe utasema.

Siku iliyofunga hadithi ilikuwa ya mvua, magari ya watalii yamekwama, jiko limejaa moshi. Nilipewa kingi mbili na esi mbili, jozi mbili kubwa kuliko zote zilizopo. Nilijizuia. Sikuomba samahani, sikusema naomba. Nilikunja uso kama mtu mwenye deni la kodi. Nilibadilisha moja, haikuniletea kitu. Maganga alibadilisha mbili. Kibwana kwa mara ya kwanza hakuwepo, alikuwa anasukuma gari kwenye tope, na Mzee Salehe alitupa karata mapema. Tulibaki mtani na mtani. Nikatia. Maganga akasukuma kikombe kizima, na safari hii hakuangalia pembeni wala kuomba muhogo. Alinitazama machoni.

"Deo, nina kwini tatu," alisema. "Usije."

Damu ilinipanda kwa raha. Nilikuwa nimemsubiri mwaka mzima. Mtu mwenye kwini tatu hasemi ana kwini tatu, anakaa kimya umfuate. Anayekukataza kuja ndiye asiyetaka uje. Nilijiona mainjinia wote wa kambi wamekaa kichwani mwangu. "Mtani," nikamwambia, "leo umemkuta mwenyewe." Nikatia kikombe changu chote, na cha akiba nilichoazima kwa Mzee Salehe, nikasema, "Onyesha."

Akazipanga mezani polepole. Kwini wa kopa, kwini wa shupaza, kwini wa pau.

"Nilikwambia," alisema Maganga. Hakuwa anacheka. Kisha, kwa sauti ile ile ya chini, akaongeza, "Na Kidodi nako nilikwambia."

Nilicheka. Ndiyo, hata hapo. Nilitazama maharage yangu yakivutwa upande wa pili wa ubao, nikacheka, nikamwambia kwini wa nne amebaki Unyamwezi anachota maji. Hakuna aliyecheka nami. Mzee Salehe alijifanya anatafuta kitambaa cha kushikia chungu. "Alibadilisha mbili," alisema bila kunitazama. "Mtu anayebadilisha mbili, mwanangu, tatu kaziacha mkononi. Ilikuwa mbele ya macho yako." Nyuma yangu pasi ilikuwa imesimama. Nilisikia mkaa ukipasuka ndani yake, na nikajizuia kugeuka, kwa sababu nikigeuka nitaona, na mtu wa nyumbani haoni mambo kwa haraka hivyo.

Mjomba alikwenda Kidodi masika yalipoisha, kama nilivyopanga, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumzuia. Nilikuwa nimechukua likizo, nimekaa kwake Kilosa nikimsubiri barazani. Alirudi jioni amechangamka, anachokoa meno. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, akaketi, akavua viatu, akaviangalia. "Watu waungwana sana wale," alisema. "Wametupa wali na kuku. Kuku wa kienyeji, siyo hawa wenu wa hoteli. Na baba mtu anacheka vizuri." Nikamuuliza kuhusu binti. "Eeh, binti," alisema mjomba. "Binti keshaposwa. Kuna kijana mmoja wa huko huko Mikumi, Mnyamwezi, wanamsifu anajua kupalilia. Nilipowaambia jina lako mama mtu aliuliza kama wewe ndiye mtani wake anayependa muwa." Mjomba alinitazama, akaona uso wangu wa dirisha, na kwa huruma akasema alinifungia paja la kuku kwenye jani. Nililila. Sikupata jambo jingine la kufanya na mdomo.

Sikurudi hotelini isipokuwa kuchukua begi. Nilijifunza kushona, nikaoa miaka baadaye kwa njia iliyonifaa, yaani Agnesi ndiye aliyesema. Lakini kwa muda mrefu nilijifariji kwamba nilishindwa na tapeli. Kwamba Skola alidanganywa kwa kiwanja na matofali, na siku moja angeamka katika nyumba ya kupanga, akalikumbuka jina langu. Basi akaja mwenyewe. Alikuwa amewasindikiza watoto wake kwa shangazi yao hapa Kilosa, akaniletea sare za shule nizipunguze. Alikaa kwenye stuli hii hii niliyokalia naandika, akaangalia chumba chote, akasema nimepata dirisha kubwa. Tuliongea mambo ya kawaida. Nyumba, alisema, walijenga, ilichukua muda, matofali ya kwanza walifyatua pamoja mwaka wa tatu wa ndoa. "Kwa hiyo alikuwa hana kiwanja," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikifurahi. Skola alinitazama kama zamani alivyotazama shuka lenye doa.

"Nilijua hana," alisema. "Mtu mwenye matofali anakuwa na kucha vile? Lakini alikuja kuniambia mimi, Deo. Uongo wake wote alikuja nao kwangu, nikauchambua mwenyewe, nikabaki na uliokuwa kweli. Wewe kweli yako ulimpelekea nani?"

Niliwapimia watoto sare. Nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Kama kweli nilitegemea kupona wivu kwa kujua kwamba hakudanganywa, basi sijui wivu. Wivu wa mtu aliyeibiwa una pa kushika. Wa mtu aliyeshindwa kihalali unazunguka nyumba nzima ukitafuta pa kukaa.

Kwa hiyo nilikwenda kumzika. Basi lilipita Ulaya, sikuteremka. Nilipofika kwa Maganga, nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la bati jekundu, kibaraza kipana, nilianza kuhesabu madirisha kabla ya kutoa pole. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Madereva, wahudumu wa hoteli, wakulima wa Kidodi waliokuja kwenye lori la miwa, wafugaji wawili wameegemea fimbo zao. Nilifikiria msiba wangu utakavyokuwa, Agnesi na wateja wachache watakaokuja kuulizia suruali zao. Mtoto wake wa kwanza alinitambua, akaniamkia, akasema kwa sauti ili wazee wasikie, "Mtani wa baba amefika." Vikatokea vicheko vidogo vya matumaini. Ndiyo desturi. Mtani ana kazi msibani. Asipotania, marehemu hajazikwa vizuri. Kaka yake Maganga akaniletea koti la marehemu, lile la kaki alilolivaa miaka yote, akanivisha bila kuniuliza. Mikono ilinifunika vidole.

Makaburini nilimaliza mizaha yangu ya kawaida. Nilizuia jeneza njiani nikadai Mnyamwezi huyu hawezi kupita katika ardhi ya Wasagara bila ruhusa. Nilikagua kaburi nikasema ni refu mno, huyu alizoea kulala kwenye kitanda cha mwenzake. Watu walicheka na kulia kwa zamu. Tuliporudi nyumbani, wanawake wameketi kwenye mikeka uani na Skola katikati, amejifunga kitenge cheusi, macho mekundu na makavu, watu wakaanza kunisukuma nimwige marehemu. Nikamwiga. Nilitembea kwa ile mikogo yake ya mabega, nikaweka kiganja juu ya kitu kisichokuwepo, nikaomba muhogo. Nilimwiga vizuri, nilikuwa nimemsoma zaidi ya mtu yeyote pale. Walikuwa wanashikana mikono kwa kucheka. Nikasimama mbele ya mkeka wa Skola, ndani ya koti la mume wake, nikasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakisubiri, "Jamani, mjue tu. Huyu mjane namchukua mimi."

Uani wote ukalipuka. Mama mmoja alipiga kigelegele kisha akajiziba mdomo. Skola hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba vicheko vilianza kupungua vyenyewe upande wa mbele.

"Vua koti la watu, Deo," alisema. "Kama una neno, lisemee kwenye shati lako."

Nikalivua. Haikuwa rahisi, mkono mmoja ulinasa kwenye kiwiko, mtoto wake akanisaidia. Nilibaki na shati langu nililolishona mwenyewe, lenye kola nzuri na kifua kisicho na mtu, watu wote wakinitazama wakingoja mzaha unaofuata. Neno nililokuwa nalo halikuwa la kumtaka Skola. Hilo lilikuwa limekwisha zamani, nilikuwa nimelibeba tu kama mtu aliyeacha sigara anavyobeba kiberiti. Lililobaki lilikuwa jingine, na nilipofungua mdomo lilitoka bila adabu yoyote.

"Nilimwonea wivu huyu mtu," nilisema. "Kila siku. Alipokuwa na kitu na alipokuwa hana. Hata leo nimefika hapa nikahesabu madirisha yake. Nimeliona jeneza linapita, nimeona watu walivyo wengi, nikamwonea tena."

Msiba mzima ukacheka. Walicheka mpaka wafugaji wakaachia fimbo, mpaka kaka yake Maganga akakaa chini akijifuta macho, na mzee mmoja wa Kidodi nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba siku hizi watani kama hawa hawapatikani tena. Nilisimama nikawaangalia. Hakukuwa na mtu wa kumweleza.

Skola alinyoosha mkono, akalichukua lile koti, akaliweka mapajani. Akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Najua," alisema. "Wameshapakua. Kaa ule."